Bei ya Mahali Ulipo

Mimi ni mtu ambaye akishafunga mlango hurudi kuusukuma aone kama kweli umefungwa. Nikishatuma ujumbe wa simu huusoma tena, na nikikuta nukta haipo mahali pake nakosa raha hadi jioni. Nasema haya mapema kwa sababu bila kuyajua hutaelewa ni kwa nini kazi ndogo ya kupanga vipande vya maneno kwenye tovuti ya chama cha wakulima ilinikondesha kuliko mtihani wa kidato cha nne.

Chama kilikuwa na ofisi ya chumba kimoja na nusu nyuma ya soko, Sumbawanga mjini. Matawi yake yalitawanyika mkoa mzima. Uwandani, huku kwetu juu kwenye baridi, kulikuwa na matawi ya mahindi, maharage na ulezi. Bondeni, upande wa Mtowisa, watu walilima mpunga na kufuga ng'ombe. Kwenye mwambao wa ziwa, Kabwe na Wampembe, kulikuwa na wanachama waliovua zaidi kuliko walivyolima, lakini walilipa ada kama wengine. Ilikuwa ni miaka ile ambayo biashara ilikuwa imeshaachiwa huru. Mwenye lori alikuja, akanunua kwa bei aliyoona inamfaa, akaondoka. Simu za mkononi zilikuwa zimefika hata vijijini, na mfadhili mmoja alikuwa amekubali kukilipia chama tovuti kwa muda wa majaribio.

Fundi aliyeanza kuijenga alitoka Mbeya. Akaifikisha katikati, akapata kazi Dar es Salaam, akaondoka. Katibu wa chama, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, akaja kwenye duka la intaneti nilikokuwa mhudumu. Kazi yangu pale ilikuwa kuwafungulia wateja barua pepe zao na kuwaambia muda umekwisha.

"Kuna mtu hapa anaweza kuingia ndani ya tovuti?" akauliza, kama mtu anayeuliza fundi wa kuingia kisimani.

"Mimi naweza," nikasema. Mdomo ulitangulia. Sikuwa nimewahi kuingia ndani ya tovuti yoyote. Nilikuwa nimesoma tu kurasa za maelekezo ya Kiingereza nilizozihifadhi kwenye flashi, nikizifuata na kamusi pembeni saa ambazo wateja hawapo.

Nyumbani, mama yangu alisikiliza habari hiyo huku akichambua maharage. Mjomba alikuwa ameshanitafutia nafasi kwenye chuo cha ualimu, na nafasi ile haikuwa ya kusubiri milele.

"Wamekuajiri?" mama akauliza.

"Wananijaribu. Mkutano mkuu ndio utakaoamua kama tovuti iendelee, na kama mimi niendelee nayo."

"Basi nakupa mpaka huo mkutano. Wakikuacha, unafunga sanduku unakwenda chuoni, na sitaki kusikia neno kompyuta humu ndani."

Nilikubali. Sina ubaya wowote na ualimu. Ila nilikuwa nimeonja kitu fulani kwenye zile kurasa za flashi, na niliogopa kuwa nikiondoka hakitanisubiri.

Nieleze kazi yenyewe. Mfumo wa kuendeshea tovuti ulikuwa na vipande ulivyoviita bloku. Bloku moja ilikuwa na salamu za mwenyekiti na picha yake. Nyingine ilikuwa na matangazo ya mikutano, nyingine na bei ya mahindi, nyingine na bei ya mchele. Ukurasa nao uligawanywa sehemu: juu, kati, pembeni na chini. Kazi ilikuwa kusema bloku gani ikae sehemu gani ya ukurasa gani. Kwa mkono ilikuwa rahisi: unachagua bloku, unachagua sehemu, unahifadhi. Lakini kila tawi lilikuwa na ukurasa wake, na kwa intaneti ya wakati ule ukibonyeza "hifadhi" unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukakuta bado inazunguka. Nilipomaliza tawi la tatu umeme ukakatika, na la tatu lilikuwa halijahifadhiwa.

Ndipo nikaanza kutafuta njia ya kuuagiza mfumo ujipange wenyewe. Maelekezo yalisema inawezekana. Unaandika amri chache: ukurasa unapofunguka, angalia ni wa tawi gani, tawi likiwa la bondeni, chukua bloku ya mchele uiweke kati, likiwa la uwandani, chukua ya mahindi, maharage na ulezi. Unaandika mara moja, na kila ukurasa, hata wa tawi litakalozaliwa mwakani, utajipanga bila mtu kuugusa.

Siku bloku ya kwanza ilipotokea mahali ambapo sikuwa nimeiweka kwa mkono wangu, niliinuka kwenye kiti nikatoka nje kwenye baridi. Nilisimama barazani nikiangalia watu wanapita na madumu ya mafuta ya taa, nikishangaa kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeona kilichotokea. Kisha nikarudi ndani kuangalia kama bado ipo. Ilikuwepo. Ilikuwa imejiweka mara tatu.

Kosa lilikuwa langu. Mfumo ulikuwa ukiisoma amri yangu kila ulipojenga sehemu ya ukurasa, kwa hiyo kwenye sehemu tatu zilizokuwa tayari ukaweka kitu kilekile mara tatu. Kwa bahati mbaya kitu chenyewe kilikuwa salamu za mwenyekiti, na kwa bahati mbaya zaidi mwenyekiti mwenyewe alikuwa anaingia mlangoni na katibu kuja kuona maendeleo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hebu tuone." Akainama mbele ya kioo, akavaa miwani, akavua, akavaa tena. "Mbona niko watatu?"

"Ni kosa, mzee, nalirekebisha sasa hivi."

"Kosa gani? Mbona nimetoka vizuri? Katibu, njoo uone. Huyu wa katikati amenenepa kidogo, lakini wote ni mimi."

"Watu watasema unajipenda, mzee," katibu akasema.

"Basi ondoa wawili," akaniambia kwa huzuni. "Bakiza wa juu."

Ni siku hiyohiyo aliponipa maagizo ambayo niliyafuata kama sala. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaegemeza fimbo ukutani.

"Zamani zetu sisi bei ilisomwa redioni. Ilikuwa moja kwa nchi nzima. Mtu wa hapa na mtu wa Iringa walisikia kitu kimoja, wakazima redio, wakaenda kulala. Sasa mambo yameachiwa, kila mahali na bei yake. Kwa hiyo nataka haki. Kila tawi liwekewe bei yake. Mtowisa wapate ya Mtowisa, Kabwe wapate ya Kabwe. Asionewe mtu."

Niliona ni sawa kabisa. Ilionekana kuwa ya haki na ilionekana kuwa nadhifu, na mimi kitu kikiwa nadhifu nakiamini haraka. Kila siku ya gulio karani wa kila tawi alimtumia katibu bei za mahali pake kwa ujumbe wa simu. Katibu mwenyewe alipita sokoni mjini akachukua za huku. Nilimfundisha kuziingiza kwenye mfumo, kila bei na jina la mahali ilikotoka, na amri zangu zikaichukua kila bei zikaipeleka kwenye ukurasa wa mahali pake. Ilikwenda kama maji kwenye mfereji.

Halafu nikaanza kusugua. Nilitaka visanduku vya bei viwe na kimo kimoja kwenye kurasa zote. Nilipima kwa rula juu ya kioo cha kompyuta hadi mwenye duka akaniuliza kama nakata kitambaa. Nilikuwa nafungua ukurasa wa Wampembe, naufunga, naufungua tena nikiogopa kwamba safari hii utakuwa umejivuruga. Niliota naona bloku zinateleza. Mama alisema nakula kama mgonjwa. Lakini kila nilipoangalia, zilikuwa zimekaa pale nilipoziagiza, na mimi nilidhani hiyo ndiyo maana ya kazi kukamilika.

Mkutano mkuu ulipokaribia, karani wa Mtowisa alimpigia katibu simu. Katibu aliniita ofisini.

"Mtowisa wanasema ukurasa wao hauna kitu."

Nilikimbia dukani nikaufungua. Ukurasa ulikuwa umejaa: salamu juu, bei ya mchele katikati, matangazo pembeni, vyote vimo, na kimo chao ni sawa. Nilirudi nikihema.

"Vitu vipo, mama. Nimeviona kwa macho yangu."

"Yeye anasema havipo."

"Lakini vipo!"

"Kesho kutwa ni gulio lao. Panda lori uende ukawaambie hivyo wenyewe," katibu akasema. "Hao wana wajumbe wengi kuliko tawi lolote. Wakija mkutanoni wakasema hakuna kitu, hakuna kitu."

Nikaondoka alfajiri na lori lililobeba saruji na kreti za soda, nimevaa sweta mbili. Katibu alikuwa ameniambia kwamba siku hiyo angeingiza bei za mjini na za Mtowisa asubuhi mapema, kisha angekwenda kwenye mazishi kwa jirani yake, na simu angeizima kanisani. Njiani nilijipanga namna ya kueleza. Nilikuwa na maneno mazuri sana. Lori likaanza kuushuka mteremko, likiinama mbele kama linataka kunusa barabara, na joto likatupokea kona baada ya kona. Nikavua sweta moja, kisha ya pili. Tulipofika bondeni maneno yangu mazuri yalikuwa yameshalowa jasho pamoja na mimi.

Karani wa tawi alikuwa kijana mrefu, mtoto wa familia moja ya wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. Alinipokea mbele ya mashine ya kukoboa, ambako magunia yalipangwa hadi barabarani.

"Mwangaluka, dada wa tovuti!"

Nikageuka kuangalia kama anaita mtu mwingine.

"Ni salamu hiyo. Unajibu hivyohivyo, hailipiwi."

"Mwangaluka," nikasema, na akina mama waliokaa juu ya magunia wakacheka na kunipigia makofi.

"Umekuja wakati mzuri. Ndiyo kwanza nataka kusoma. Kaa hapo usikilize kazi yako."

Sikuwa nimejua kwamba ukurasa wangu ulikuwa unasomwa hivyo. Akilini mwangu mtu alikaa mbele ya kioo kikubwa, peke yake, akatazama visanduku vyangu. Pale, karani alipanda juu ya ubao wa mizani, akatoa simu ya vitufe yenye kioo kidogo kuliko kiganja, akasubiri ukurasa ufunguke. Ilichukua muda. Mashine ikazimwa ili watu wasikie. Mfanyabiashara aliyekuja na lori la kununulia mchele alikuwa ameegemea mlango wa lori lake akichokonoa meno, naye anasikiliza.

"Picha ya mzee inakuja," karani akatangaza. "Paji la uso limefika. Macho. Subirini masharubu."

"Mzee pole pole!" mtu akapaza sauti.

"Haya. Salamu za mwenyekiti. 'Ndugu wanachama, nawasalimu kwa jina la umoja wetu.'"

"Tumezipokea!" wakaitikia wote kwa pamoja, kama kanisani. Nilielewa kwamba walifanya hivi kila gulio.

"Sasa bei. Bei ya mchele, Mtowisa, leo..." Akainua mkono kama mwalimu wa kwaya, na umati mzima ukaitaja bei yenyewe kwa sauti moja, mpaka shilingi ya mwisho.

Kicheko kilichofuata sitakisahau. Mfanyabiashara naye alicheka hadi akatema kijiti.

"Tusomee na majina yetu, tusije tukayasahau!"

"Na jua, muulize limetokea upande gani!"

Karani alishuka kwenye mizani akaja niliposimama. Hakuwa na ubaya, alikuwa bado anatabasamu.

"Dada, bei hiyo nimeituma mimi asubuhi. Naituma, inapanda mlima, inafika kwenu, inashuka, inanikuta nimekaa palepale. Ndiyo maana nikasema hakuna kitu."

Ningeweza kujitetea. Ningeweza kusema ni maagizo ya mwenyekiti. Badala yake nilikuwa kama mtu aliyerudi kuusukuma mlango, ila safari hii nikaukuta wazi kweli. Nilikuwa nimejenga mashine ya kumwambia kila mtu anachokijua tayari. Na nilikuwa nimeipima kwa rula.

Mama mmoja mwenye khanga ya kijani, aliyekuwa amekaa juu ya magunia yake karibu na lori, akaniita kwa kidole.

"Mwanangu, huko kwenu mjini mchele leo unakwendaje?"

"Jana ulikuwa..." nikaitaja.

"Ya jana hiyo," mfanyabiashara akadakia kwa upole. "Leo umeshuka. Dada alikuwa njiani, hawezi kujua."

Mama akanitazama. Wengine nao wakanitazama. Walikuwa wanauza siku ile, kwa mfanyabiashara yule au kwa mwingine kama yeye, na mimi ndiye niliyetoka mjini.

"Bei ya leo ipo," nikasema. "Imeingizwa asubuhi. Imo ndani ya mfumo."

"Fungua basi ukurasa wa mjini," karani akasema, akinipa simu.

Hapo ndipo nilipoona vizuri nilichokuwa nimefanya. Ukurasa wa mjini ulikuwa wa uwandani, na uwandani amri zangu ziliweka mahindi, maharage na ulezi. Mchele hatulimi. Bei ya mchele ya mjini ilikuwa inaingizwa na katibu kila wiki kwa uaminifu, na kila wiki amri zangu hazikuipeleka ukurasa wowote. Ilikuwa imekaa gizani kama gunia lililosahauliwa nyuma ya mlango. Tulimpigia katibu. Simu ilikuwa imezimwa.

Niliingia kwa neno langu la siri, lakini ukurasa wa kuingizia bei ukagoma kufunguka kwenye simu ile. Njia ilibaki moja: kubadilisha zile amri kwa simu ya karani, pale pale. Nilipozifungua zilijaza kioo kwa mistari midogo iliyojikunja. Mimi sijawahi kuhifadhi kitu bila kukijaribu kwanza pembeni, na hapa nikikosea kidogo tu, kurasa za matawi yote zingekuwa nyeupe, Kabwe ziwani hadi Laela uwandani, na mkutano mkuu unakuja. Kuandika amri mpya kwa vitufe vile kungenichukua hadi jioni.

"Dada, salio linakwenda," karani akanikumbusha.

Kuandika nisingeweza. Kufuta ningeweza. Nikaanza kufuta. Nikafuta mstari uliosema "kama tawi ni la bondeni". Nikafuta ule wa uwandani na ule wa ziwani. Nikafuta ule uliolinganisha jina la bei na jina la tawi, uliokuwa fahari yangu, ambao niliwahi kuusoma kwa sauti kama shairi. Kila nilipobonyeza, herufi zilitoweka moja moja. Nilipomaliza ilibaki amri ya kijinga kabisa: weka bei zote, za mahali pote, kwenye kila ukurasa, juu. Nikabonyeza hifadhi na kufumba macho.

"Nyeupe," karani akasema.

Nikafumbua macho.

"Subiri. Inakuja. Bila mzee safari hii."

Akapanda mizani. Hapakuwa na mpangilio wowote. Bei zilishuka kama zilivyoingizwa, ndefu na fupi, hovyo hovyo, na mimi niliona aibu kama mtu aliyeingiliwa na wageni kitanda hakijatandikwa. Lakini karani alisoma, na hakuna aliyecheka.

"Wampembe, samaki migebuka..."

"Eeh!"

"Kabwe, dagaa... Laela, mahindi..."

"Rudia mahindi!" mtu akasema nyuma, na karani akarudia. "Sumbawanga mjini, ulezi. Sumbawanga mjini, mchele, leo..."

Akaitaja. Haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda kidogo.

Watu wote wakamgeukia mfanyabiashara, naye akanyoosha mikono. "Sawa, sawa. Lakini bei ya mjini haishuki huku kwa miguu, na mchele haupandi mlima kwa miguu. Mafuta je? Matairi je?"

"Toa mafuta," mama mwenye khanga ya kijani akasema bila kuinuka juu ya magunia yake. "Toa matairi. Toa na soda yako ya njiani. Kinachobaki, mbona unakila peke yako?"

Walibishana kwa muda mrefu, wakicheka na kuapa. Mwishowe aliongeza. Si sana, lakini aliongeza, na yule mama akamuuzia nusu ya magunia, nusu akaiacha ipande na lori nililokuja nalo. Mfanyabiashara alipopita karibu yangu akasema, "Dada, umenipa kazi leo," bila hasira. Nilimwonea huruma kidogo. Naye alikuwa amezoea kazi yake iliyopangika vizuri.

Niliporudi mjini nikaufungua ukurasa kwenye kioo kikubwa. Ulitisha. Visanduku vilipanda na kushuka kama meno ya mtoto. Niligusa kipanya mara kadhaa nikitaka walau kunyoosha pembezoni.

"Usiguse kitu mpaka mkutano," katibu akaniambia. Nikatii, nikateseka.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa parokia. Mwenyekiti alifungua kwa sala, akapitia taarifa ya ghala, kisha akafika kwenye tovuti. Akavua miwani.

"Binti, simama. Nimeingia kwenye ule ukurasa kujitafuta. Umenipeleka wapi?"

"Uko chini, mzee."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa, mzee," karani wa Mtowisa akajibu kutoka nyuma. "Ukimaliza dagaa, unajikuta."

Ukumbi ukalipuka. Mzee mwenyewe alisubiri kicheko kipite. "Na nilisema kila tawi lipate bei yake. Sikusema hivyo?"

"Ulisema, mzee. Nami nilifanya hivyo." "Lakini ya kwao wanayo. Wanayoikosa ni ya wenzao."

Nilikuwa nimeandaa maelezo zaidi. Yakanitoka yote. Nikabaki nimesimama, vidole vimeshika pindo la blauzi.

Mjumbe wa Laela akasema fedha ambayo chama kingeilipia tovuti ingefaa kuezeka ghala, maana mvua haisomi mtandao, na wengi waliguna kukubaliana naye. Nilijua kwamba ndiyo mwisho. Lakini mjumbe wa Wampembe akasimama, mwanamke mweusi wa jua la ziwani. Alisema kwao unga hununuliwa kwa bei anayoitaja mwenye boti, na kwamba wiki ile, kwa mara ya kwanza, walimtajia wao bei ya mahindi ya uwandani kabla hajafungua mdomo. "Alikasirika," akasema, "kisha akapunguza." Baada ya hapo walianza kubishana wao kwa wao kitu gani kikae juu. Ziwani walitaka mahindi yatangulie, bondeni walitaka mchele wa mjini, Laela walitaka kujua kama tangazo la ghala linaweza kukaa juu ya vyote. Mwenyekiti akavaa tena miwani.

"Redio ilikuwa haibishiwi," akasema hatimaye, kama anazungumza peke yake. Kisha akaniuliza, "Hayo wanayoyataka, kila tawi na lake, yanawezekana?"

"Yanawezekana, mzee. Wakiniambia, nitaagiza. Hayatakuwa mazuri kuangalia."

"Mimi nilikuwa mzuri kuangalia," akasema, "na hakuna aliyenisoma."

Mikono ikanyooshwa. Ya kuezeka ghala ilikuwa mingi, yetu ikazidi kidogo. Uamuzi ukawa kwamba tovuti iendelee, nami nayo, mpaka mwisho wa mavuno, halafu watatazama tena. Sikushangilia. Nilikaa, nikagundua kuwa nilikuwa nimelishikilia pindo la blauzi hadi uzi umetoka.

Nyumbani nilimkuta mama anachekecha unga wa ulezi. Hakuinua kichwa.

"Wamekupa kazi au wamekupa maneno?"

"Wamenipa kazi. Mpaka mwisho wa mavuno."

"Na baada ya mavuno?"

"Sijui."

Nilisubiri aniulize ni mtu gani anayeacha chuo kwa ajili ya mpaka mavuno. Aliendelea kuchekecha, akagonga chekecheo kwa kiganja, akamwaga makapi.

"Kesho nitakwenda kwa mjomba wako nimwambie nafasi ile ampe mwingine," akasema. "Atanung'unika. Mwache anung'unike." Akafunika unga, akajipangusa mikono. "Huko Kabwe, dagaa wanauzaje wiki hii?"

Hakuwahi kabla ya hapo kuniuliza habari yoyote iliyomo ndani ya kazi yenyewe. Nilifungua mdomo nijibu, nikakuta bei imenitoka kichwani, na sikutaka kubahatisha.

"Kesho nitakuletea, mama," nikasema, nikaenda kuchochea moto.